Kula bila nyama Addis Ababa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayekwenda Addis Ababa kwa mkutano wa Umoja wa Afrika, kwa biashara ya Merkato, soko kuu la mji, au kulala usiku mmoja akisubiri ndege ya asubuhi pale uwanja wa Bole, na nyama hali. Iwe ni kwa dini, kwa afya au kwa hiari yake tu, maswali huwa yale yale.

Ethiopia si ndiyo nchi ya nyama mbichi? Mimi nitakula nini huko?

Ndiyo hiyo hiyo. Kuna kitfo, nyama ya kusaga iliyochanganywa na samli na pilipili ya mitmita, mara nyingi bila kupikwa kabisa. Kuna tere siga, mnofu mbichi unaokatwa mezani kwa kisu. Utapita mtaani uone bucha lenye meza na viti, watu wanakula na bia zao pembeni, ng'ombe mzima ananing'inia dirishani. Usitishike.

Watu hao hao wanaoshangilia kitfo siku ya Alhamisi, kesho yake hawagusi hata tone la maziwa. Kanisa la Orthodox Tewahedo lina mifungo mingi, na kwao kufunga maana yake ni kuacha nyama, maziwa, siagi, samli na mayai yote kwa pamoja. Kwa hiyo karibu kila jiko la mjini, kuanzia kibanda cha mama anayewapikia madereva hadi hoteli ya kifahari, linajua kupika chakula kisicho na kitu chochote cha mnyama. Limefanya hivyo kwa karne nyingi, na linafanya vizuri kuliko mkahawa wowote wa kisasa wa wala mboga ninaoujua.

Neno lako la kazi ni *tsom*, yaani mfungo. Ukimwambia mhudumu kwamba wewe ni mla mboga, atakutazama kwa huruma na pengine akuletee yai. Ukisema *ye-tsom*, chakula cha mfungo, hakuna maelezo zaidi yanayotakiwa.

Siku za mfungo ni zipi? Nipange safari yangu kwa kalenda?

Ukiweza, panga. Addis kalenda ndiyo inayoamua utakula nini kuliko hoteli uliyofikia.

Jumatano na Ijumaa ni mfungo karibu mwaka mzima. Siku hizo karibu kila mgahawa wa chakula cha kienyeji una sahani ya mfungo, na migahawa mingine haipiki kingine. Halafu kuna mifungo mirefu. Mkubwa kuliko yote ni Hudade, siku 55 kabla ya Pasaka yao, Fasika. Angalia tarehe vizuri, kwa maana Fasika hufuata hesabu ya Kanisa la Mashariki: mwaka 2024 iliangukia 5 Mei wakati Pasaka ya Roma ilikuwa 31 Machi, na mwaka 2025 zote mbili zikawa 20 Aprili. Uko pia mfungo wa kabla ya Krismasi yao ya 7 Januari, unaoanza mwishoni mwa Novemba, na mfungo wa Filseta wa Agosti, wa wiki mbili na kidogo, ambao hata vijana wasiofunga siku nyingine huufunga.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wageni huikosa. Baada ya Fasika kuna siku 50 ambazo hakuna mfungo wowote, hata Jumatano na Ijumaa. Mabucha yanajaa, kila mwaliko ni wa nyama, na sahani ya mfungo ambayo wiki mbili nyuma ilikuwa kila kona unaitafuta kwa tochi. Hutalala njaa, maana shiro, mchuzi mzito wa unga wa mikunde, haikosekani na hoteli kubwa huendelea na mboga zao, ila itakubidi uulize, na mara nyingine usubiri wakupikie.

Si kila mtu anafunga, vilevile. Waislamu wana Ramadhani yao, Waprotestanti hawafuati kalenda hii, na migahawa mingi ya Bole huuza nyama mwaka mzima. Kwa hiyo usidhani Ijumaa kila kilichoandikwa kwenye menyu ni salama kwako.

Niagize nini siku ya kwanza?

Beyaynetu. Usifikiri sana.

Ndiyo sahani ya mfungo yenyewe. Inakuja sinia pana lililotandikwa injera, mkate wao mpana na laini kama chapati ya maji, na juu yake vilima vidogo vya kila rangi. Kile chekundu ni misir wat, adesi zilizopikwa taratibu na vitunguu na berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, mpaka zikalegea. Cha njano ni kik alicha, njegere kavu zilizopasuliwa, zina manjano na hazina pilipili. Kijani kibichi ni gomen, ambayo mtu wa Nairobi ataitambua mara moja kuwa ni sukuma wiki, ila imekatwa kwa ukubwa zaidi na ina tangawizi. Kuna kabichi na karoti na viazi, kuna fosolia ya maharagwe mabichi, kuna bitiruti, na katikati mara nyingi wanamimina shiro ikiwa bado inatokota. Ukibahatika unapata azifa, adesi za kijani zilizopoa, zenye ndimu na haradali inayopanda puani. Pia kuna suf fitfit, vipande vya injera vilivyoloweshwa kwenye maji meupe ya mbegu za alizeti. Baridi, laini, na hicho ndicho cha kuzimia moto wa berbere.

Unakula kwa mkono wa kulia. Chana kipande cha injera, bana mboga, peleka. Injera iliyo chini ya vilima uile mwisho, kwa sababu imekwisha kunywa mchuzi wote na hapo ndipo utamu ulipo. Wenyeji wanaligombania eneo hilo.

Injera yenyewe inatengenezwa kwa unga wa teff, nafaka yao ndogo, uliochachuka siku mbili tatu, na ina uchachu. Wapo wanaoipenda tangu tonge la kwanza na wapo wanaohitaji siku mbili kuizoea.

Shiro haina nyama siku zote, sivyo?

Nyama haina, isipokuwa ile inayoitwa bozena shiro, ambayo imetiwa vipande vya nyama makusudi. Mtego uko kwenye samli. Siku isiyo ya mfungo mpishi anaweza kuanza sufuria kwa kibe, samli yao iliyopikwa na viungo, na akamalizia na kijiko kingine juu. Kwa anayekula maziwa, hilo ni jambo la kheri. Kwa asiyekula kabisa, aseme *be-zeyt*, kwa mafuta, kabla mhudumu hajaondoka mezani. Ikishapikwa ndiyo basi.

Swali la *kibe alle?*, kuna samli?, ulitumie hata kwa mboga za majani na kwa viazi. Gomen ina dada yake aitwaye gomen be-siga, na huyo ana nyama.

Ukipewa nafasi ya kuchagua shiro, chagua tegabino. Ni nzito, inaletwa ndani ya chungu cheusi kidogo, na inaendelea kupasua mapovu mezani kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wa mtu mwenye njaa. Acha ipoe. Ulimi ukishaungua kwa shiro, kila kitu utakachokula siku hiyo kitakuwa na ladha ya karatasi.

Samaki je?

Hapa kuwa makini. Watu wanabishana wenyewe kwa wenyewe kama samaki anafaa kwenye mfungo. Wengi wanamla, na migahawa humweka kwenye orodha ya chakula cha mfungo bila wasiwasi. Neno ni *asa*. Kama humli, lisikie na ulikatae.

Mimi ni Mwislamu. Chakula hiki kinanifaa?

Kwa suala la nyama, chakula cha mfungo ndicho kinachokuondolea mashaka yote. Ethiopia Wakristo na Waislamu kila mmoja huchinja kwake, na kwa desturi mmoja hali nyama iliyochinjwa na mwenzake. Ndiyo sababu utaona mabucha yenye alama ya msalaba na mengine yenye hilali. Kwenye meza iliyochanganyika, ofisini au harusini, chakula cha mfungo ndicho kinachowakutanisha wote. Nguruwe naye si jambo la kukuhangaisha sana, kwa kuwa Waorthodox wa Ethiopia pia hawamli.

Kilichobaki ni vinywaji. Tej ni pombe ya asali na tella ni pombe ya nafaka, na tej huonekana kama maji ya matunda ikiwa kwenye chupa yake ya shingo ndefu. Ukitaka migahawa ya Waislamu yenyewe, zunguka karibu na Msikiti wa Anwar, Merkato, au nenda Bole Michael, mtaa wa Wasomali.

Asubuhi wanakula nini?

Ful ndiyo mkombozi: maharagwe makubwa yaliyopondwa, yenye vitunguu, nyanya, pilipili mbichi na mkate mkavu wa kuchovya. Kawaida inatiwa yai au maziwa mgando juu, hivyo itaje ya tsom. Firfir ni injera iliyovunjwa vipande na kukorogwa kwenye mchuzi wa berbere; ya mfungo ipo, ya nyama ipo, ya samli ipo. Chechebsa, mkate bapa uliochanwa vipande, na kinche, nafaka iliyopondwa na kuchemshwa, huwa na samli nyingi, na chechebsa wengine huimwagia asali. Genfo, ndugu wa ugali anayetengenezwa kwa shayiri, anakuja na kisima cha samli katikati. Omba kisima cha mafuta.

Sambusa nazo ziuliziwe, maana nyingi za mitaani zina adesi badala ya nyama. Moto moto kutoka kwenye karai, pamoja na chai ya mdalasini na karafuu, Mswahili yeyote hapo yuko kwao.

Nimechoka na injera. Kuna vyakula vya nchi nyingine?

Tele. Mji huu una makao makuu ya Umoja wa Afrika, una tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa, na una balozi kwa makumi. Watu wote hao hula.

Anza na Waitaliano. Waliikalia nchi kuanzia 1936 hadi 1941 wakafukuzwa, lakini tambi zilibaki. Leo pasta ni chakula cha kila siku hata kwenye kibanda kisicho na jina, na mara nyingine utaiona imewekwa juu ya injera, jambo ambalo Mwitaliano huenda likamtoa machozi. Kwa mfungo, omba pasta yenye mchuzi wa nyanya au *be-atkilt*, yenye mboga. Piza ya tsom nayo ni kitu cha kawaida kabisa: mboga juu, jibini hakuna. Kwa asiyetumia maziwa, kuna miji mikubwa ya Ulaya ambako ombi hilo bado linaleta mjadala. Hata maduka ya keki yana keki za mfungo, zisizo na yai wala siagi. Ni kavu kidogo, sitadanganya.

Makiato, kahawa yenye maziwa kidogo, ni urithi mwingine wa wakati huo. Tomoca, mkahawa wa tangu 1953 katika eneo la Piassa, bado watu husimama kwenye meza ndefu, wanakunywa na kuondoka. Piassa yenyewe imebadilika sana tangu ubomoaji wa mwaka 2024, kwa hiyo ramani ya zamani ya "mkahawa fulani kona fulani" usiiamini.

Bole Michael, kwa Wasomali, utakuta wali, tambi, ndizi mbivu pembeni ya sahani na chai ya maziwa. Mtu wa Mombasa au Zanzibar atajihisi nyumbani kwa harufu tu. Lakini wali wao kwa kawaida umepikwa kwa supu ya nyama, hata kama nyama yenyewe hukuwekewa. Chukua anjero, mkate wao unaofanana na injera, na maharagwe. Wayemeni wana ful nzuri na mikate mikubwa ya tanuri. Wahindi wana kila kitu cha mla mboga, ila asiyekula maziwa ajihadhari na paneer, jibini yao, na samli. Kwa Wachina tofu ipo, uliza tu imekaangwa na nini na kama ina nyama ya kusaga, kwa sababu mara nyingi inayo.

Ugali wa mahindi kwenye mgahawa? Sahau. Subiri ufike nyumbani.

Nina vidonda vya tumbo. Pilipili itaniua?

Berbere si ya mchezo, na mitmita ndiyo kabisa. Neno la kuomba ni *alicha*, mapishi ya manjano yasiyo na pilipili: kik alicha, kabichi na viazi, na alicha ya mboga mchanganyiko. Uchachu wa injera nao huwasumbua baadhi ya watu wenye asidi, na hao waombe mkate, *dabo*.

Kwa asiyekula ngano, teff haina gluteni, lakini injera ya bei nafuu huchanganywa na shayiri au nafaka nyingine. Uliza kama ni teff tupu. Na kwa Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, au yeyote asiyekula vitunguu, niseme ukweli: karibu kila wat, yaani mchuzi, huanza na rundo la vitunguu vilivyokatwa vidogo na kukaangwa muda mrefu. Kwenu mkahawa wa Kihindi ndio jibu.

Nimealikwa nyumbani kwa mtu. Nitakataaje nyama bila kumvunjia heshima mwenyeji?

Sema unafunga. Hakuna mwenyeji atakayekushindilia nyama ukishasema hivyo, na hakuna atakayekuuliza mfungo wako ni wa kanisa gani. Mwambie mapema lakini, siku moja kabla, kwa sababu mwaliko wa siku isiyo ya mfungo maana yake doro wat, mchuzi wa kuku, na kuku huyo huanza kupikwa mapema mno.

Jiandae pia kwa gursha. Mwenyeji anafunga tonge kubwa kwa injera na kulipeleka mdomoni mwako kwa mkono wake. Ni heshima na ni mapenzi, fungua mdomo. Tonge moja halitoshi kwa desturi, na ya pili ikija, ipokee vilevile. Ukiona mkono unaelekea kwako na hujui una nini, hiyo ndiyo sababu ya kumwambia mapema.

Baada ya chakula inakuja kahawa. Buna zinakaangwa mbele yako, sufuria inazungushwa kila mtu avute moshi kwa pua, ubani unafukizwa, bisi zinaletwa. Raundi ni tatu: abol, tona, bereka. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza ni kama kuaga kabla ya kuketi. Kahawa haina maziwa, kwa hiyo hapo huna la kuuliza.

Saa zao zinanichanganya. Tukipanga chakula cha usiku saa mbili, ni saa mbili ipi?

Kwa Mswahili hili ni jambo la kufurahia. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Saa mbili usiku ya kwao ni saa mbili usiku ya kwako. Wanaokosa chakula ni wazungu. Tatizo hutokea mkiongea Kiingereza: dereva akisema saa mbili kwa Kiingereza, huenda bado anahesabu kwa saa za kwao, ilhali hoteli na ndege hutumia saa za kimataifa. Uliza mara mbili.

Na wanaofunga kwa ukali hawali chochote mpaka saa tisa alasiri, hasa wakati wa Hudade. Usimwalike mtu kama huyo chakula cha mchana halafu ukashangaa anakunywa hewa.

Bei zikoje?

Chakula cha mfungo huwa rahisi kuliko cha nyama, na beyaynetu moja mara nyingi inawatosha wawili. Bei zozote ulizosoma kabla ya Julai 2024 zitupe; mwezi huo serikali iliachia thamani ya birr, sarafu yao, iamuliwe na soko na kila kitu kikapanda. Kwenye migahawa ya heshima, bei ya menyu mara nyingi haijajumlisha kodi ya asilimia 15 wala ada ya huduma ya asilimia 10. Beba noti. Wenyeji hulipa kwa simu, kwa Telebirr, lakini mgeni wa siku tatu atalipa taslimu. Ukimaliza, sema *hisab*, nawe utaletewa hesabu yako.

Maji na saladi?

Maji ya chupa. Ambo ni yenye gesi ya asili, ina chumvi chumvi na inasaidia tumbo lililojaa adesi. Saladi mbichi kula mahali unapopaamini. Juisi ya spris, tabaka la parachichi, la embe na la papai kwenye glasi moja, ni nzito kiasi cha kuliwa kwa kijiko, na haina maziwa.

Kwenye ndege nifanyeje?

Agiza mlo maalumu angalau saa 24 kabla. Mlo usio na chochote cha mnyama una alama VGML. Wa mboga wa mtindo wa Kihindi ni AVML, na huo unaweza kuwa na maziwa. Ukibadilishiwa ndege dakika za mwisho, agizo nalo linaweza kupotea, kwa hiyo beba kolo mfukoni: shayiri iliyokaangwa na karanga, inauzwa mitaani kwa vipimo.

Maneno machache ya kunusuru?

*Siga albelam*, sili nyama. *Ye-tsom new?*, ni ya mfungo? *Doro* ni kuku, *enkulal* yai, *wetet* maziwa, *ayib* jibini lao jeupe linalofanana na maziwa ya mgando yaliyokamuliwa. *Wuha* ni maji. Asante ni *ameseginallehu*, ndefu lakini jitahidi. Hata ukikosea silabi mbili watafurahi.

Naweza kubeba shiro nyumbani? Inapikwaje?

Nunua Merkato au dukani, na uombe iliyokwisha kutiwa viungo, *mitin shiro*. Nyumbani kaanga vitunguu vingi kwa mafuta mpaka viwe vya kahawia, tia kitunguu saumu, ongeza maji, yakichemka nyunyiza unga kidogo kidogo huku unakoroga kwa mwiko ili usifanye mabuje. Punguza moto, funika, acha itokote dakika 15 au 20 mpaka mafuta yaanze kujitokeza juu. Kama huna injera, kula kwa chapati. Mwethiopia akikuona atacheka, kisha ataomba kipande.